Mkorosho Usio na Baba

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali, maana waliokuwepo wengi wao bado wapo na bado wanabishana, kulikuwa na kituo kidogo cha utafiti wa mikorosho huko Kusini, juu ya uwanda wa mchanga mwekundu, nje kidogo ya kijiji cha Nanjembe. Mkuu wa kituo alikuwa Dakta Somoe Nandonde. Watu walimwita Mama Somoe, hata wale waliomzidi umri.

Mama Somoe alikuwa akitafuta mti mmoja.

Kila mwaka kipupwe kikiingia, ugonjwa wa ubwiriunga hushuka juu ya maua ya mikorosho, ukayafanya meupe kana kwamba mtu amepita akipepeta unga. Ua likishavaa unga huo halizai. Basi wakulima hubeba mashine mgongoni na kupuliza salfa, vumbi la njano linalowasha macho na kukausha koo, wakapuliza leo, wakapuliza tena, mpaka msimu uishe. Mama Somoe alitaka mkorosho ambao hauhitaji kupulizwa. Alianza kuutafuta nywele zake zikiwa nyeusi. Sasa zilikuwa nyeupe kama yale maua, na mti hajauona.

Mwaka mmoja wakaja vijana watatu, wametoka vyuoni, viatu vyao bado vinang'aa. Wa kwanza Tusajigwe, binti wa Tukuyu, mpole wa sauti na mkali wa jicho. Wa pili Lutonja, Msukuma wa Maswa, mrefu, mcheshi, hakai mahali pamoja. Wa tatu Chilumba, mwenyeji wa Masasi, ambaye ukimwuliza jambo leo anakujibu kesho.

Mama Somoe akawakalisha kwenye banda la miche, akawaambia neno moja.

"Nina nafasi tatu za kujifunza, na nafasi moja ya kubaki. Nikistaafu, mmoja wenu atakishika kituo hiki na mti wake, kama tutakuwa tumeupata. Wawili wataondoka. Nawaambia mapema, asije mtu akasema sikusema."

Kisha akawapa sheria mbili za kituo. Sheria ya kwanza: hakuna mtu anayekagua miti yake mwenyewe. Miti ya huyu itakaguliwa na yule, maana mtu akikagua mti wake ataona anachotamani kuona. Sheria ya pili: mche wowote uliotokana na mazoezi ya kuchavusha unang'olewa na kuchomwa, maana mche ambao wazazi wake hawajulikani hauna la kumfundisha mtafiti.

Wakaitikia. Wakaanza kazi. Na kila mmoja akalazimika kuamua: nijifunze nini, na nijifunze vipi?

Tusajigwe alichagua mikono. Aliamua kujua jambo moja tu na kulijua mpaka mwisho: kuchavusha ua la mkorosho. Ua lenyewe ni dogo, punje ya mchele inalizidi. Unaamka mapema kabla halijafunguka vizuri, unatoa kwa kibano ule uzi mrefu unaobeba chavua, unalivika kimfuko lisiingiliwe na mdudu, halafu unaliletea chavua ya mti uliouchagua wewe. Ukikaza mkono kidogo, ua limevunjika. Ukichelewa kidogo, limekwisha kujichavusha lenyewe. Msimu wa kwanza Tusajigwe alivunja maua mengi kuliko upepo. Akavunja, akarudia. Akavunja, akarudia. Mpaka vidole vyake vikajua kabla yeye hajajua.

Lutonja alichagua miguu. Aliamua kujua kidogo cha kila kitu. Leo yuko Nanjembe anajifunza kubebesha vikonyo kwenye miche, yaani kuunganisha kijiti cha mti mmoja juu ya shina la mche mwingine, kesho yuko Morogoro anachungulia kwenye hadubini ya rafiki yake, wiki nyingine kaazima baiskeli anazunguka vijijini kuongea na wakulima. Alijua kutengeneza pampu ya maji. Alijua kuchora chati kwenye kompyuta. Alijua salamu za Kimakua, za Kiyao na za Kimakonde, na katika zote tatu aliingiza Usukuma wake bila aibu.

Chilumba hakuchagua. Wenzake wakimwuliza, mwenzetu umeamua nini, anajibu, "Bado." Alikagua miti ya wenzake kama sheria ilivyotaka, polepole, ua kwa ua, akarudi akanyamaza. Basi wakampa jina, Mheshimiwa Bado.

Mmoja mikono, mmoja miguu, mmoja bado. Ndivyo kijiji kilivyowajua.

Saa ya chai ndiyo ilikuwa saa ya kutaniana. Lutonja anamwuliza Tusajigwe, "Mkunga, leo umezalisha wangapi?" Tusajigwe anapuliza chai yake, hamtazami. "Afadhali mkunga kuliko duka la Mangi. Una kila kitu, na hakuna kinachotosha hata kilo." Lutonja anacheka mpaka chai inamwagika, kisha anamgeukia Chilumba kumwuliza yeye anaonaje. Chilumba anatafakari. Chai inapoa. Wenzake wanainuka, wanarudi kazini, wamemwacha bado anatafakari.

Katika kuzunguka kwake, Lutonja akafika kwa mjane mmoja mwenye mikorosho michache nyuma ya nyumba. Walisalimiana, wakaongea habari za mvua, habari za bei, habari za mjukuu aliyekwenda jeshini. Na wakati wa kuaga, Lutonja akauona. Mkorosho mmoja wa matawi ya chini, umejaa maua, na maua yenyewe mekundu, masafi, hayana chembe ya unga. Nao ulikuwa ni moyo wa kipupwe, miti yote ya kijiji inaumwa. Akamwuliza mjane anapuliza nini. Mjane akamwambia hana mashine, hana salfa, hajapuliza tangu mumewe afariki.

Lutonja alirudi kituoni akipiga kengele ya baiskeli tangu njiapanda. Mama Somoe alikwenda mwenyewe kuuona. Akasimama mbele ya mti ule, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akasema, tuanze.

Wakaanza. Lutonja akakata vikonyo vya mti wa mjane, akavibebesha kwenye miche ya kituoni, vikashika. Tusajigwe akaenda kwa mjane na vimfuko vyake na kibano chake, akauchavusha mti ule kwa chavua ya miti bora ya kituo, ili apatikane mtoto mwenye afya ya mama na uzaaji wa baba. Korosho zikakomaa, zikapandwa, zikaota. Mwaka ukapita, na mwingine. Miche ya kubebeshwa ikawa mingi, ikajaza shamba la kituo mpaka kwenye uzio wa barabarani. Kipupwe kikaja, na miti ile karibu yote ikatoa maua mekundu.

Habari zikatembea. Mama Somoe, ambaye hakuwahi kumwita mgeni yeyote, akaita wageni. Watakuja wakubwa wa wilaya, watakuja wa mkoa, watakuja wakulima wa vijiji vyote vya jirani, watakabidhiwa miche waende wakapande. Turubai likakodiwa. Mbuzi wakanunuliwa. Kikundi cha ngoma kikaanza mazoezi.

Siku chache kabla ya sherehe, saa ya chai, Chilumba akasema, "Mama, nina neno."

Wenzake wakageuka. Lutonja akasema kwa mzaha kwamba siku hii iandikwe, Bado amemaliza kutafakari. Chilumba hakucheka. Akatoa mfukoni leso nyeupe, akaikunjua juu ya meza. Katikati ya leso kulikuwa na vumbi la njano.

Akaeleza polepole, kama kawaida yake. Kwamba katika kukagua miti ya wenzake aliona maua ya upande wa barabarani ni masafi kuliko ya upande wa bondeni. Kwamba jambo hilo lilimkaa moyoni. Kwamba akaanza kufunga leso kwenye matawi, asubuhi akazifungua, na asubuhi nyingi akakuta vumbi hili. Sisi hatupulizi salfa, alisema, lakini tajiri mwenye shamba kubwa ng'ambo ya barabara anapuliza, na upepo wa asubuhi unatuletea. Akaenda mpaka kwa mjane. Kule nako, nyuma ya nyumba, kuna shamba la mwana wa tajiri huyohuyo. Akafunga leso kwenye mti wa mjane, ule unaopakana na shamba hilo. Njano.

"Mti wa mjane umekuwa ukipulizwa miaka yote," Chilumba alisema, "na hakuna aliyejua, hata mwenye mti. Huenda ni mzima. Huenda ni mgonjwa aliyepewa dawa. Sisi hatujui."

Mama Somoe aliichukua leso, akaisogeza karibu na macho, akainusa.

"Ulianza kuona lini?"

"Msimu uliopita, mama."

"Msimu uliopita," akarudia. "Lutonja anabebesha asubuhi na jioni, mgongo umempinda, na wewe unaona. Nimeita wageni, na wewe unaona."

"Nilitaka niwe na hakika kwanza. Ningesema mapema nikakosea, ningeua mti mzuri kwa neno tu."

"Na sasa una hakika?"

"Sina. Lakini wageni wanakuja."

Wageni walikuja. Mama Somoe hakuwazuia, maana mbuzi walikwisha nunuliwa. Wakala pilau chini ya turubai, kisha akasimama mbele yao akawaambia kwamba hakuna mti. Huenda upo, alisema, huenda haupo, hatutawapa tusichokijua. Wakubwa wakatazamana. Wakulima wakarudi mikono mitupu. Kwa miezi mingi baadaye watoto wa Nanjembe walikipa kituo kile jina la Kituo cha Pilau, na Mama Somoe akipita njiani anasikia, anatembea.

Sasa ikatakiwa kuijaribu miti ile mahali ambapo salfa haifiki. Palikuwa na mahali pamoja tu: mahameni, ng'ambo ya mlima, shamba la zamani lililoachwa tangu watu walipohamishiwa vijijini. Kule mikorosho imezeeka yenyewe, haina wa kuipulizia, na kila kipupwe inajaa unga kutoka mti hadi mti. Mti mzima utakaosimama pale katikati ya wagonjwa, bila dawa, huo ndio mti.

Mama Somoe alipolitaja shamba lile, Tusajigwe akaacha kunywa chai.

Wakapakia miche ya kubebeshwa, wakapakia na watoto waliotokana na uchavushaji wa Tusajigwe, wakaenda. Walipofika mahameni walikuta jambo la ajabu. Katikati ya vichaka, palikuwa na eneo dogo lililolimwa. Magugu hayapo. Na ndani yake mikorosho michanga imepangwa kwa mstari, imepogolewa vizuri, inakaribia kutoa maua.

"Nani analima huku?" Lutonja akauliza.

"Mimi," Tusajigwe akasema.

Akaeleza macho yakiwa chini. Ile siku ya kwanza kupelekwa kwa mjane, alifanya mazoezi kwanza kwenye tawi moja la mti uleule, apate kuuzoea kabla ya kazi yenyewe. Kibano hakikuwa kimesafishwa, chavua ilikuwa ya mti huu na mti ule, hakuangalia ni ya upi. Mazoezi tu. Lakini maua yale ya mazoezi yakashika, yakazaa, yakawa ndiyo maua ya kwanza kuzaa mikononi mwake tangu aanze. Sheria inasema miche ya namna hiyo ing'olewe, ichomwe. Alishindwa. Akazileta korosho zake hapa ambako hapana mtu, akapanda, akawa anakuja siku za mapumziko kupalilia.

Mama Somoe akawa mkali kuliko walivyowahi kumwona. Alisema sheria haikuwekwa kwa ajili ya kuwatesa watu, imewekwa kwa sababu mche usio na baba ukichanganyika na mingine utawadanganya watafiti wa kesho na kesho kutwa. Akaagiza ing'olewe pale pale. Lutonja akashika jembe.

Chilumba akasema, "Mama, tuisubiri msimu mmoja. Hii ndiyo miti yetu pekee iliyokua bila salfa tangu mbegu."

Mama Somoe akamtazama. Akautazama mstari wa miche. Akasema, msimu mmoja.

Na kipupwe kikaingia.

Unga ukashuka. Ulianza kwenye mikorosho mikongwe, ukaruka kwenye miche ya kubebeshwa. Kila kikonyo kilichotoka kwenye mti wa mjane kikavaa weupe. Lutonja alipita mstari hadi mstari. Mti aliouona, mti aliousifu, mti uliomfanya apige kengele tangu njiapanda, ulikuwa mgonjwa kama mingine. Unga ukaenda kwa watoto wa Tusajigwe waliozaliwa kwa kanuni, mama anajulikana, baba anajulikana. Wote wakavaa weupe. Ukaenda kwenye miche ya mazoezi. Mmoja ukawa mweupe, wa pili mweupe, mstari mzima mweupe.

Isipokuwa mmoja.

Huo ulisimama na maua yake mekundu, na jirani zake wa kulia na wa kushoto wameungua kwa unga. Wakasubiri. Haukuugua. Wakafunga leso, leso zikarudi nyeupe. Mama Somoe akasema huenda ni bahati, huenda ugonjwa umeuruka. Hapo Lutonja akakumbuka jambo aliloliona Morogoro, katika kuzurura kwake. Akakung'uta unga kutoka kwenye maua yaliyougua sana, akaupaka kwa brashi juu ya maua na majani ya mti ule, moja baada ya jingine, akaupa ugonjwa kwa mkono wake. Kisha akachukua jani lake akaenda nalo hadubini ilipo, akatazama, akamwita rafiki yake atazame. Ugonjwa ulikuwa umefika juu ya jani, ukashindwa kuingia.

Mti ukapatikana. Mama yake aliyedhaniwa mzima ni mgonjwa. Baba yake hajulikani. Na yeye ni mzima.

Mama Somoe alikaa chini ya kivuli kidogo cha mti ule, mavumbini, na suti yake ya kitenge, akacheka peke yake kwa muda mrefu. Vijana hawakujua kama wacheke naye.

Baadaye ndipo wakati wake wa kustaafu ukafika, na makao makuu wakataka jina moja la kushika kituo. Kila mmoja wa wale watatu alijua maana yake. Tusajigwe alikuwa ameitwa na mjomba wake mara nyingi aende Mbeya, kazi ya benki inamngoja, na alikuwa akijibu, nisubirini kidogo. Lutonja alikwisha pata watu wa kumchukua Arusha. Chilumba hakuwa na pa kwenda. Lakini wote watatu walitaka jambo moja, kubaki na mti ule, kuuona ukizaa, kuuona ukiwa shamba.

Mama Somoe akawaita bandani, akawaambia kila mmoja aseme kwa nini abaki yeye. Ilikuwa mchana, mabati yanalia kwa joto.

Lutonja akaanza. "Mama, mimi nimewapeleka kwa mjane. Nisingezurura, msingejua kama yupo. Kweli mti wake ni mgonjwa, nimekosea, na nimekosea kwa kelele. Lakini mtoto kazaliwa na mti huohuo niliouonyesha mimi. Na mwishoni mlipotaka kujua ni bahati au si bahati, nani alijua la kufanya? Huyu duka la Mangi. Wenzangu walinicheka kwamba sijui kitu kimoja mpaka mwisho. Ni kweli sijui. Ila kazi hii ilipokwama, ilikwama kila mara mahali ambapo mimi nilikuwa nimekwisha pita."

Tusajigwe akasema, "Mimi nimeuzaa mti huu, na nimeulea. Miaka ile nilichagua jambo moja nikalikalia, na kulikuwa na siku niliona nimechagua vibaya. Nilivunja maua mpaka nikaota navunja maua. Ua lililoshika lilikuwa la mazoezi, nakubali, na mama, nilivunja sheria yako, nakubali. Sijui nilitumia chavua gani, na nitaishi na hilo. Lakini mikono isingekuwa imefundishika, hata mazoezi yasingezaa. Na ningetii sheria, sasa hivi tungekuwa tunazungumza juu ya majivu."

"Mtoto wa nje huyo," Lutonja akanong'ona, "hata jina la baba hatujapewa." Tusajigwe akampiga kofi la begani, hakukasirika.

Chilumba akachelewa kama alivyochelewa siku zote. Wakamsubiri. Hatimaye akasema, "Mimi sina mti. Sikuutafuta, sikuuzaa. Lakini bila leso zangu mngewapa wakulima mti wa mjane, na wao wangeacha kupuliza, na mwaka mmoja wangekosa korosho zote kwa kutuamini. Bila leso zangu sisi wengine tusingevuka mlima. Na ile siku jembe limeinuliwa, mimi ndiye niliyesema tusubiri. Nimejifunza jambo moja tu katika miaka yote hii, kujiuliza, tungejuaje kama tumekosea? Naona ni ujuzi, ingawa hauna kibano wala baiskeli."

"Na ule msimu uliokaa kimya?" Mama Somoe akauliza.

"Ule ni wangu," Chilumba akasema. "Nilichelewa. Lutonja alibebesha miche mingi bure kwa sababu yangu. Nimemwomba radhi, akaniambia nimnunulie baiskeli."

"Bado hajanunua," Lutonja akasema.

Mama Somoe akawatazama mmoja mmoja. Akawaambia, sasa jibuni hili: kama si wewe, awe nani?

Tusajigwe akasema, awe Chilumba. Alisema anayeupenda mti sana hafai kuachwa nao peke yake, anahitaji mtu wa kuutilia mashaka, na yeye alikwisha upenda mno.

Chilumba akasema, awe Tusajigwe. Alisema mtu wa mashaka anaweza kuilinda kazi isiharibike, lakini kuianzisha hawezi, na kama kituo kizima kingejaa watu kama yeye, bado kingekuwa kinatafakari msimu wa kwanza.

Lutonja akakuna kichwa. "Mimi nasema awe Lutonja. Samahani, mama. Nimejaribu kumtaja mwingine, mdomo haukubali."

Wakacheka wote, hata Mama Somoe. Lakini kicheko hakikuwa jibu.

Mama Somoe akawaambia waende, atafikiri. Akabaki peke yake bandani katikati ya miche, anazungumza nayo kwa sauti ndogo. Alijiuliza kama nafasi hutolewa kwa yaliyokwisha fanyika au kwa yanayokuja. Alijiuliza kama mtu alipwe kwa kosa lililozaa jambo jema, na kama aadhibiwe kwa tahadhari iliyochelewa. Alijiuliza kama yeye mwenyewe, aliyetafuta miaka yote akifuata kanuni zake, alikuwa na haki ya kuhukumu watu watatu walioupata mti kwa kumkosea, kila mmoja kwa namna yake. Kesho yake alitaja jina moja, wawili wakafunga mizigo, na jina hilo mimi silisemi.

Nanyi mliokaa mkanisikiliza, kiti cha Mama Somoe sasa ni chenu, na mbele yenu wamesimama watatu. Huyu aliufikia mti wa uongo ukazaa wa kweli. Huyu aliuzaa wa kweli bila kujua anazaa. Huyu hakuzaa wala hakufikia, lakini bila yeye msingejua upi ni upi, naye alijua mapema akanyamaza. Nafasi ni moja, na mti upo mahameni, maua yake mekundu, unasubiri mtu wake.

Je, kwa haki yenu wenyewe, nani alistahili kubaki nao?